Kifungo cha Shati la Fundi Saa

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa tangu usichana wake hadi alipostaafu. Watu chungu nzima walimfahamu bila kumwona. Ukipiga simu kuulizia mgonjwa wako, yeye ndiye aliyepokea, akakwambia, "Subiri kidogo, nakuunganisha," na lile "kidogo" lake lilikuwa na upole wa kumfanya mtu ashushe mabega. Siku moja tulikuwa kwenye foleni dukani, akauliza tu kama sukari imebaki, mzee mmoja mbele yetu akageuka kama aliyeitwa jina.

"Wewe ndiye yule wa hospitali! Wewe uliniunganisha na wodi siku mke wangu anajifungua!"

Mtoto aliyezaliwa siku hiyo alikuwa amesimama pale pale kando yake, ana ndevu.

Kwa hiyo mtaani wakamwita Opereta, na hata sisi nyumbani tulimwita hivyo tukitaka kumtania.

Hakuolewa. Si kwamba hakuposwa. Bibi, mama yake, alipooza upande mmoja Shangazi akiwa bado msichana, na ndugu wakakutana kushauriana nani atakaa na mama. Kama ilivyo kawaida ya ndugu, walikubaliana kwa kauli moja kwamba anayefaa ni yule ambaye siku hiyo hakuwepo kwenye kikao. Shangazi alikuwa zamu. Aliporudi akakuta ameshachaguliwa. Hakugomba. Alifunga kanga, akaenda kumgeuza mama yake ubavu wa pili.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, na televisheni ilikuwa kwenye chumba alicholala Bibi, kwa sababu ndicho kilichokuwa na soketi nzima. Shangazi akirudi kutoka zamu ya asubuhi, Bibi huwa amelala usingizi wake wa mchana, ule mwepesi wa wagonjwa, unaokatika hata kijiko kikianguka jikoni. Shangazi alipenda tamthilia za mapenzi kupita kiasi. Basi alikuwa akiketi chini kwenye zulia, mgongo kwenye kitanda cha mama yake, anafungua televisheni na kuzima sauti yote. Miaka nenda miaka rudi, aliangalia mapenzi ya watu bila kusikia neno.

Nami nilipokuwa mdogo nikipelekwa kwake likizo, nilikuwa nabanana naye pale zuliani. Nikimnong'oneza, "Shangazi, wanasema nini?" anajibu bila kubandua macho, "Wanasema habari za mvua. Wewe angalia viatu vyake."

Naangalia viatu. Mwanamume kwenye skrini anaaga, kichwa kimeinama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, lakini ncha za viatu bado zinatazama ndani, kwa yule mwanamke.

"Umeona? Mwili unaaga, viatu vimegoma."

Hivyo ndivyo alivyonifundisha kuangalia. Nani amesogeza kikombe karibu na mkono wa nani. Nani amekunja shuka taratibu kuliko shuka linavyotaka kukunjwa. Nani ameacha taa ya barazani inawaka, na nani ameiona akiwa mbali akapunguza mwendo. Bibi akikohoa, Shangazi anainuka, anampa maji, anarudi, na hajapitwa na kitu. "Hawa wana siri moja," aliniambia, "wanajua kuwa kumshika mtu si kazi. Kazi ni ule mkono kabla haujafika."

Bibi alifariki kwa amani, Shangazi akiwa ameshastaafu. Matanga yalipokwisha na wageni wakaondoka, alikaa kwenye zulia lake, akafungua televisheni, na kwa mara ya kwanza akapandisha sauti. Alisikiliza robo saa. Kisha akaizima tena.

"Kumbe siku zote hizi walikuwa wanaongea upuuzi," akasema.

Lakini nyumba ilikuwa kimya mno sasa. Kimya cha kumlinda mtu alalaye ni kitu kimoja, na kimya cha kutokuwa na mtu ni kingine. Alianza kupunguza kula. Nikaona nisipofanya jambo, tutampoteza na yeye akiwa anatembea.

Mimi ni fundi wa sauti. Studio yetu iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro, na kuta zake zimezibwa na vipande vya sponji tulivyopewa na jirani huyo wa chini, vya rangi tofauti tofauti, hivi kwamba mgeni akiingia hudhani ni darasa la chekechea. Kazi yetu ni kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia zinazotoka nje. Waigizaji wanaingia kwenye kibanda chenye kioo, wanavaa hedifoni, wanatazama skrini ndogo na kusema maneno yao midomo ya walio kwenye skrini ikifunguka. Mwenye studio tulimwita Madam. Alikuwa mama mwenye haraka, mwenye simu mbili, na moyo mzuri alioupangia saa maalumu.

Tamthilia mpya ilikuwa imewasili, ya mwanamke wa makamo mwenye duka la kufulia nguo na mwanamume fundi saa ambaye duka lake liko ng'ambo ya barabara. Kila wiki fundi saa analeta mashati. Kila wiki mwanamke anayafua, anayapiga pasi, anamrudishia. Basi. Ndiyo hadithi yenyewe. Madam alikuwa anatafuta sauti ya mama mtu mzima, isiyokuwa ya kujilegeza. Nikampeleka Shangazi. Alivaa gauni la kwenda harusini. Akapewa mstari mmoja asome mbele ya maikrofoni: "Mashati yako yatakuwa tayari kesho."

Madam alisitisha simu zote mbili. "Huyu anaanza Jumatatu."

Sauti ya fundi saa alipewa mtu aliyeitwa Kipenga. Alikuwa ametangaza mpira redioni kwa muda mrefu, mpaka kituo chake kilipotaka vijana. Koo lake lilipasua ukuta, ndiyo sababu ya jina. Mkewe alifariki zamani. Binti yake mmoja ameolewa mbali na humpigia simu Jumapili. Alikuwa na tumbo la kuheshimika na alivaa fulana za mpira tu, zisizo na hata kifungo kimoja. Na alikuwa hawezi kukaa kimya. Ukimwacha na glasi ya maji atakutangazia namna inavyojaa.

Siku ya kwanza fundi saa wa kwenye skrini alifungua mlango wa duka la kufulia, akasema kwa upole, "Habari za asubuhi." Kipenga alilitoa neno hilo kama vile mpira umegonga mwamba.

Shangazi akavua hedifoni. "Kaka, samahani. Huyu bwana amekuja kuchukua mashati. Hajafunga goli."

Kipenga akacheka hadi akashika meza. "Nisamehe, dada. Nimezoea uwanja wa watu elfu kumi."

"Hapa tuko wawili."

"Ndiyo shida yenyewe. Sijui kusema na mtu mmoja."

Shida kubwa zaidi ilikuwa kimya. Tamthilia ile ilikuwa na dakika nyingi ambazo hakuna anayesema kitu. Mvuke unapanda kwenye kioo. Mwanamke anapitisha pasi kwenye kola, anaigeuza, anapitisha tena. Madam akatoa amri kwamba mapengo yajazwe. "Mtazamaji akiachwa na kimya dakika nzima anahamia stesheni nyingine," alisema. Kwa hiyo tuliingiza sauti ya mawazo, mtu anajisemea moyoni. Aliyeandika mawazo hayo ni Kipenga, na alikuwa fundi kweli. Ukimpa pasi inayoteleza kwenye kitambaa anakuandikia, "Lo, laiti angejua kwamba kila kola hii ninayoinyoosha ni moyo wangu unaonyooka!" Shangazi alisoma kila alichopewa. Miaka ya swichibodi ilimfunza kupitisha maneno ya watu bila kuyakagua.

Siku moja wakati wa chai, wamekaa kwenye ngazi, Kipenga akamuuliza kwa dhati. "Dada Opereta, hebu niambie. Mimi nasoma tu, lakini wewe mapenzi unayaona wapi humu? Mimi namwona mtu anapiga pasi."

Shangazi akaniita. "Mwanangu, tuwekee ile sehemu ya mvua. Sauti zima kabisa."

Nikaiweka. Wakasimama nyuma ya kiti changu, vikombe mkononi. Fundi saa amekuja na mvua, amelowa. Mwanamke anampa taulo, lakini hampi mkononi, analiweka juu ya kaunta katikati yao. Anageuka, anashughulika na kabati. Kwenye kioo cha kabati tunamwona anamtazama akijifuta. Mwanamume akimaliza, analikunja lile taulo mara nne, pembe kwa pembe, analirudisha pale pale. Anaondoka. Mwanamke anatoka nyuma ya kaunta, analichukua, anataka kulitupa kwenye kapu la nguo chafu. Halitupi. Analitundika peke yake.

Kipenga alitazama mpaka mwisho. Kisha akapiga paja.

"Kumbe ni mpira huu! Dada, kocha wangu wa zamani alikuwa akituambia, ukitaka kuijua timu, usimtazame mwenye mpira, mtazame asiye na mpira. Anakimbilia wapi, anamwachia nani nafasi. Mimi siku zote namwangalia mwenye maneno!"

"Hilo la kocha sikulijua," Shangazi akasema. Aliomba amweleze zaidi, na wakaendelea mpaka chai ikapoa, mmoja akizungumzia taulo, mwingine beki wa kushoto.

Baada ya hapo ikaja sehemu ya kifungo.

Fundi saa yuko kwenye meza yake, taa ndogo inawaka. Shati limetoka kufuliwa siku hiyo hiyo. Vifungo vyote vizima. Anakumbuka, nasi tunakumbuka, kuwa wiki iliyopita kifungo kilikatika na yule mwanamke akakishona bila kuambiwa. Anachukua mkasi mdogo. Anatazama mlangoni kama mwizi. Anashika kifungo cha pili kutoka juu, anakata uzi. Kifungo anakiweka kwenye mfuko wa shati, analikunja shati vizuri kuliko lilivyokuja, na asubuhi analirudisha dukani. Mwanamke anakikuta kifungo mfukoni. Anatazama nyuzi: zimekatwa, hazikukatika. Anatunga uzi kwenye sindano, anaukunja uwe mara mbili, anaanza kushona.

Muda wote huo kinachosikika ni saa zinazogonga ukutani na hakuna kingine.

Maneno ya Kipenga ya kujaza yalikuwa haya: "Nakata kifungo hiki makusudi, nipate sababu ya kumwona tena. Ee moyo wangu, nampenda!" Aliyaandika mwenyewe, na asubuhi ile alikuwa ameyajaribu mbele ya muuza magodoro.

Taa nyekundu ikawaka. Nikapandisha sauti yake kwenye meza yangu. Mkasi ukainuka kwenye skrini. Kipenga akafungua mdomo na kusogea kwenye maikrofoni. Shangazi alikuwa kando yake akisubiri zamu. Mkasi ukakata. Mdomo wa Kipenga ukabaki wazi. Saa zikagonga. Shati likakunjwa. Kutoka kwake sikusikia hata pumzi, na picha ikaisha.

Nikabonyeza kitufe cha kuongea nao. "Mzee Kipenga, umepitwa."

"Sijapitwa. Nilikuwa naangalia."

"Turudie?"

Akajikuna kidevu. "Niseme nini, binti yangu? Mkasi umeshasema. Nikitia neno hapa nitakuwa kama yule mtu anayekaa nyuma yako sinemani na kukuelezea."

Nikamtazama Shangazi. Alikuwa anapanga karatasi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Madam hakuwepo siku hiyo na kazi ilitakiwa kupelekwa jioni. Tukaipeleka hivyo hivyo, na Jumamosi ikarushwa.

Jumatatu Madam aliingia anawaka. Kituo kilikuwa kimepokea simu nyingi za watu waliodhani sauti imekufa. Mtazamaji mmoja alikuwa ameipiga televisheni yake kofi ikapasuka, na alitaka fidia. "Nimewaajiri muongee!" Madam akafoka. "Kimya hata mimi naweza kukitoa bure!" Kwa kweli hakukosea, lilikuwa duka lake na kituo kilimbana yeye. Simu moja tu ilikuwa tofauti. Mama mmoja alieleza kwamba mume wake, adui wa tamthilia, alitoka bafuni na povu kichwani kuuliza mbona nyumba iko kimya, akaona ule mkasi, akakaa kwenye mkono wa kochi na povu lake mpaka ikaisha.

Wakafikia mapatano. Pale ambapo mtazamaji anaweza kupotea, tujaze. Pale ambapo mikono ina kazi, tuache. Nani anaamua? Hapo ndipo vita vilipoanza, maana Kipenga na Shangazi walibishana kwa kila pengo kama wanaogawana shamba la urithi. Na mara nyingi, jambo la ajabu, aliyetaka kimya alikuwa Kipenga, na Shangazi ndiye aliyesema, "Hapa weka kaneno kamoja, kaka, watu wamechoka na kazi, wahurumie."

Mimi nilikaa nyuma ya kioo. Nikishusha sauti ya kibandani, nabaki na picha peke yake, na nilifundishwa kuangalia picha nikiwa mdogo. Niliona mambo. Katika kazi yetu karatasi zikichakarisha sauti inaharibika, kwa hiyo kila mtu hugeuza ukurasa wake polepole akiwa hasemi. Nikaona Kipenga ameanza kumgeuzia Shangazi kurasa zake wakati anasoma, kwa ncha za vidole viwili, kama anainua kifuniko cha chungu asiunguzwe. Siku iliyofuata Shangazi akamgeuzia zake. Hawakuambiana. Kiti kizima, kile kisichoyumba, kikahama upande wa Shangazi na hakikurudi tena. Halafu siku moja nikasikia kwenye hedifoni yangu Kipenga anasema, "Wewe, kunywa maji kwanza." Si "dada." Wewe tu. Shangazi alikunywa maji yale kama dawa aliyoandikiwa na daktari bingwa.

Tulipobakiwa na sehemu moja tu, ile ya mwisho, sauti yake ikakwama.

Ilianza na ukavu, tukadhani ni mafua. Kisha asubuhi moja akafungua kinywa ikatoka hewa. Hospitali ile ile aliyoihudumia maisha yake ikamkuta na vinundu kwenye nyuzi za sauti. Upasuaji mdogo, daktari akasema, hauna hatari kubwa; lakini baada yake asiseme neno, wala kunong'ona, mpaka atakaporuhusiwa. Na sauti ikirudi, huenda isiwe ile.

Nilimwona akilia kwa mara ya pili maishani mwangu. Ya kwanza ilikuwa kwenye msiba wa Bibi. Mtu mwingine ana shamba, mwingine ana watoto. Yeye alikuwa na "Subiri kidogo."

Madam alikuwa ameshatafuta msichana wa kumaliza sehemu ya mwisho, msichana mzuri tu, mwenye kipaji. Kipenga akaingia ofisini kwake na karatasi za sehemu hiyo.

"Madam, hesabu maneno ya mwanamke humu. Hayajazi kiganja. Sehemu nzima wanatazamana."

"Sasa?"

"Sasa turekodi wengine wote, tumwachie yeye nafasi yake. Mpaka siku ya mwisho kabisa. Ikishindikana, mwite huyo binti."

Madam alishika kichwa, akasema watu hawa watamuua. Kisha akampigia msambazaji wa tamthilia simu na kumwambia mashine imeharibika.

Baada ya upasuaji nilihamia kwa Shangazi kumpikia. Kipenga alikuja mchana wa kwanza na maua ya plastiki, kwa maelezo kwamba ya kweli yatamtaka ayamwagilie. Aliona chumba kiko kimya akaona ni wajibu wake. "Naam, mpenzi msikilizaji," akaanza, "Opereta anachukua kikombe, anamhadaa binti, anakwenda kulia, anakunywa, aaah, kidogo tu, pembeni!" Shangazi akaanza kucheka bila sauti, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, ameshika koo. Kucheka nako kulikatazwa. Ikabidi nimtoe Kipenga nje kama mlevi.

Siku ya pili alikuja bila neno. Alinisalimia kwa kichwa, akaketi mkekani. Shangazi alikuwa na ungo wa mchele anachambua mawe. Akausogeza kidogo. Kipenga akaanza kuchambua upande wake, kwa vidole vile vinene, akiinua kila punje kuikagua kwenye mwanga. Walikaa hivyo mchana kutwa. Na mchana uliofuata. Na uliofuata.

Baba alipita siku mojawapo kumjulia hali dada yake. Alisimama mlangoni, akawatazama, akanivuta jikoni.

"Huyu bwana mwenye tumbo anataka nini hapa?"

"Anamjulia hali, baba."

"Amemwambia kitu?"

"Hajasema kitu."

"Basi hakuna kitu."

"Baba," nikamwambia, "mchele ule hauna jiwe tangu juzi."

Baba akachungulia tena. Akavua viatu, akaingia, akamwamkia Kipenga kwa mikono miwili.

Daktari alimruhusu Shangazi kusema siku chache kabla ya siku ya mwisho ya kukabidhi kazi. Neno lake la kwanza lilikuwa "Chumvi," maana nilikuwa nimezidisha. Ilikuwa sauti nyingine. Ilikuwa imeshuka chini, ina mikwaruzo, kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Alijisikia mwenyewe, akafunga mdomo. Nilidhani atakataa kwenda studio. Asubuhi nikamkuta amevaa.

Katika sehemu ile ya mwisho, mwanamke anapokea tena shati lisilo na kifungo. Safari hii halipeleki ndani. Analikunjua mbele ya mwenyewe, anaonyesha mahali uzi ulipokatwa, na anasema, "Hiki hakikukatika chenyewe." Mwanamume anajibu, "Hapana." Mwanamke anatafuta sindano, anaketi kwenye benchi, na kabla ya kutunga uzi anasogea, anaacha nafasi. Ni hilo tu. Hata mikono hawashikani. Tunaona benchi, na nafasi, na kisha hatuoni nafasi.

Shangazi alisema mstari wake. Kwenye "chenyewe" sauti ilikatika, ikajishikiza, ikafika. Nikapeleka mkono kwenye kitufe ili turudie. Madam alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Amechelewesha kazi yangu," akasema. Kisha akasema, "Hiyo hiyo. Usiguse."

Tulipokuwa tunashuka ngazi, mimi nyuma nimebeba mikoba, Kipenga alisimama katikati ya magodoro yaliyopangwa nje ya duka. Alikuwa amejiandaa, nilijua kwa namna alivyovuta pumzi, ile ya kabla ya mechi.

"Wewe," akaanza, "tangu siku ile ya kwanza, mimi kama mtu ambaye katika maisha yangu yote, kwa kweli, na nikizingatia kwamba..."

"Sema kidogo," Shangazi akamwambia.

Akatazama chini, akatazama magodoro. "Nisiwe naondoka jioni," akasema.

"Haya," Shangazi akajibu, na akamshikisha mkoba wake.

Kwa baba alikwenda rasmi, na hapo aliachia maneno yote aliyokuwa ameyabana. Baba alisikiliza mpaka chai ya pili. Mwishoni Kipenga akamaliza, "Kwa kifupi, shemeji, natafuta kifungo cha maisha."

"Hiki hakina dhamana," baba akamwonya.

"Sitaomba."

Walifunga ndoa Alhamisi asubuhi, watu wachache, na mchana Madam akatuita wote kazini. Sauti ya zamani ya Shangazi haikurudi. Hachukui tena sehemu za wapenzi. Sasa anaigiza mabibi, wenye nyumba na mahakimu, na kuna watoto mtaani wanaomwogopa kwa sababu ya hakimu mmoja mkali. Mwanzoni alikuwa akinyamaza watu wageni wakiwepo, kama anayeficha pengo la jino. Siku hizi anaagiza nyama buchani kwa sauti ile ile, na muuzaji anampimia bila ubishi.

Jumapili iliyopita nilikwenda kuwasalimia. Nilikuta kochi jipya uani, kubwa, la kahawia, limekataa kupita mlangoni. Walikuwa wamejaribu kuliingiza kwa miguu, kwa ubavu na kwa mgongo, na fundi seremala alikuwa ameahidi kuja kung'oa fremu ya mlango, lakini kesho. Basi walikuwa wamelikalia pale pale nje, karibu na kamba ya nguo. Kipenga alikuwa amevua kandambili. Shangazi alikuwa anamenya machungwa, maganda yanaanguka kwenye beseni, na kila jirani aliyepita alisalimia kochi kwanza.

"Mvua ikinyesha?" nikauliza.

"Itatukuta tumekaa," Shangazi akasema, na akanisogezea chungwa.